Sola ya Maji Haipashi: Tafuta Joto Linapopotelea

Kipupwe kikishika, malalamiko kuhusu sola za maji za kuunda mtaani yanafanana kuanzia Mafinga hadi Mbalizi. Sanduku la kioo liko juani kutwa, pipa limejaa, lakini jioni maji ni vuguvugu na mtoto anaogeshwa kwa maji ya kuni kama zamani. Mwenye nyumba anahitimisha kwamba baridi imezidi nguvu ya jua.

Mara nyingi si hivyo. Juni hadi Agosti nyanda za juu kusini mwa Tanzania zina anga safi kuliko miezi ya mvua, na jua lenyewe haliulizi kama hewa ni ya baridi. Mbeya iko kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa karibu 1,600, kwa hiyo jua la mchana kule ni kali hata ukiwa umevaa koti. Joto linaingia. Kazi yako ni kutafuta linapotokea, na kwa hilo unahitaji viganja vya mikono yako kabla ya kununua chochote.

Mwongozo huu ni wa mfumo ulio wa kawaida mitaani: sanduku lenye bati au mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kioo, pipa juu ya kichanja, bomba moja la kushusha maji baridi kutoka chini ya pipa hadi chini ya sanduku, na jingine la kurudisha maji ya moto kutoka juu ya sanduku hadi sehemu ya juu ya pipa. Hakuna pampu. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi na kupanda yenyewe.

Pima saa nane mchana siku ya jua. Shika bomba la chini, kisha bomba la juu, kisha pipa sehemu ya juu na sehemu ya chini. Angalia tu usiungue kwenye bomba la juu. Ulichokihisi ndicho kinachokuonyesha sehemu ya kusoma hapa chini.

Bomba la juu linaunguza, pipa ni la baridi

Maji hayazunguki. Hili ndilo tatizo la kwanza kwa wingi, na karibu kila mara sababu ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza: maji kwenye pipa yako chini ya tundu la kurudishia. Tundu hilo likiwa hewani, mzunguko umekatika, hata kama pipa lina nusu ya maji. Hutokea sana kwenye nyumba zinazopata maji kwa mgao, ambako mama anachota asubuhi, bomba la mtaa halitoki mpaka jioni, na sola inakaa siku nzima ikichemsha maji yale yale machache yaliyo ndani ya sanduku. Funika kioo kwa turubai kwanza, acha sanduku lipoe, ndipo ujaze pipa. Ukimwaga maji ya baridi kwenye mabomba makavu yaliyochomwa na jua, viungio vinalegea. Kwa sola za mirija ya kioo zinazouzwa madukani hali ni mbaya zaidi, kwani mrija wenyewe unaweza kupasuka papo hapo. Hizo zijazwe alfajiri au jioni.

Ya pili ni hewa iliyonasa. Bomba la kurudishia linatakiwa kupanda mfululizo kutoka sanduku hadi pipa, angalau sentimita 2 au 3 kwa kila mita, bila mahali popote pa kushuka na kupanda tena. Ukiona bomba limepinda kama mgongo wa ngamia kwa sababu fundi alilipitisha juu ya boriti, hewa imekaa hapo na haitoki. Bomba jeusi la poli linalouzwa kwa roli ni bingwa wa tatizo hili. Siku ya kwanza limenyooka, baada ya wiki mbili za jua limelegea na kuning'inia katikati. Lilaze juu ya ubao urefu wake wote.

Kutoa hewa: unganisha mpira wa maji kwenye koki ya chini kabisa ya sanduku, sukuma maji kwenda juu hadi yatokee ndani ya pipa bila mapovu. Siku zote jaza mfumo kutoka chini. Anayejaza kutoka juu anaifungia hewa njiani. Kama sanduku lako halina koki ya chini, weka sasa, maana utaihitaji tena kwenye sakitu (baridi ya kugandisha maji) na kwenye matope.

Kuna sababu ya tatu, bomba jembamba. Nusu inchi inatosha kwa maji yenye presha ya mtaa, lakini nguvu inayosukuma maji ya moto kupanda ni ndogo mno. Tumia robo tatu inchi au zaidi, inchi moja ikiwezekana, na elbo (viungio vya kona) chache kadiri unavyoweza.

Kila kitu ni vuguvugu: sanduku, bomba na pipa

Hapa maji yanazunguka, ila joto linaloingia ni dogo kuliko maji uliyoyaweka, au haliingii vizuri.

Anza na swali hili: Desemba ilikuwaje? Kama ilikuwa inapasha vizuri siku za jua wakati wa mvua na sasa kwenye kipupwe imekufa, nenda moja kwa moja kwenye uelekeo. Video nyingi za kujifunzia zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na zote zinasema elekeza kioo kusini. Kwao ni sawa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Mbeya na Njombe zikiwa karibu nyuzi 9, na mwezi Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, nyuzi zipatazo 32 kutoka utosini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari ndipo linahamia kusini. Sanduku lililoinamishwa nyuzi 25 kuelekea kusini litafurahia Desemba, halafu Juni litapoteza karibu nusu ya jua la mchana, mwezi ambao unalihitaji kuliko yote.

Geuza kioo kitazame kaskazini, kiinamie nyuzi 20 hadi 25. Bila kipimo, inua ukingo wa nyuma sentimita 40 kwa kila mita moja ya urefu wa sanduku, umefika. Ukiwa Mbeya mjini, kaskazini ni upande wa mlima Loleza. Kwingine tumia dira ya kwenye simu, au simika kijiti saa saba kasoro robo mchana. Kuanzia Machi mwishoni hadi Septemba kivuli chake wakati huo kinaelekea kusini, kwa hiyo kioo kitazame upande wa pili. Usitumie saa sita kamili. Saa zetu zimepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu, ndiyo maana Mbeya jua linafika kileleni dakika 45 hivi baada ya saa sita, na Iringa dakika kama 35.

Baada ya uelekeo, hesabu ya maji. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi joto 15 hadi 45 kunahitaji uniti tatu na nusu, zile zile za umeme wa Luku. Mita mraba moja ya sanduku siku ya jua safi inapokea uniti 5 hadi 6, lakini sanduku la kuunda mtaani hukamata theluthi moja au kidogo zaidi, tuseme uniti 2. Kwa hiyo mita mraba moja ni ya lita 50. Aliyefunga pipa la lita 200 kwenye sanduku la mita moja atapata maji ya nyuzi 23 au 24 jioni, na hakuna rangi wala kioo kitakachomsaidia. Tiba yake haina gharama: apunguze maji. Lita 50 za moto kweli zina manufaa kuliko 200 za vuguvugu, kwa sababu ndoo ya kuogea ya lita 20 inatengenezwa kwa lita 14 za nyuzi 50 na lita 6 za baridi. Hiyo haiwezekani kama vyote viwili ni vuguvugu.

Mengine ni ya kukagua kwa macho. Rangi inayong'aa inarudisha jua. Rangi ya ubao wa kufundishia, ile nyeusi isiyo na mng'ao, ndiyo bora na inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Bomba lazima ligusane na bati urefu wake wote. Likiwa limefungwa kwa waya sehemu tatu tu, bati linaungua na bomba halipati kitu. Kioo chenye vumbi kifutwe kila wiki wakati wa kiangazi, na zaidi Septemba na Oktoba mashamba yanapochomwa. Kivuli cha mparachichi wa jirani kikipita juu ya kioo kati ya saa nne na saa tisa, hamisha sanduku. Kuomba mparachichi ukatwe siku hizi, kwa bei yake, ni kutafuta ugomvi.

Kama huna kioo kabisa, yaani umezungusha bomba jeusi juu ya bati tu, basi upepo ndio unaokuibia. Makambako mchana bomba la namna hiyo linapasha na kupozwa kwa wakati mmoja. Funika, hata kwa nailoni ya kitalu kwa kuanzia. Nailoni nyembamba ya kawaida itaharibiwa na jua ndani ya miezi michache.

Jioni maji ni ya moto, alfajiri ni ya baridi

"Fundi, jua lako linalala na sisi," mama mmoja wa Uyole alisema, na alikuwa na haki. Watu wengi wanataka maji saa kumi na moja alfajiri, kabla ya sokoni na shule.

Nenda ushike bomba la juu saa tatu usiku. Likiwa la moto, maji yanazunguka kinyume: yanatoka juu ya pipa, yanapoa ndani ya sanduku chini ya anga ya usiku, yanazama na kurudi chini ya pipa. Sola imekuwa friji. Dawa ni kitako cha pipa kiwe juu ya ukingo wa juu wa sanduku kwa sentimita 30 au zaidi. Nyumba ikiwa fupi, acha pipa lilipo na ushushe sanduku liwe chini uani. Pasipowezekana vyote viwili, weka koki kwenye bomba la kurudishia, ifungwe jua likizama na kufunguliwa asubuhi. Mkabidhi mtu mmoja kazi hiyo, kwa sababu koki ya wote husahaulika, na isipofunguliwa asubuhi sanduku linachemka peke yake.

Bomba likiwa la baridi, basi pipa lenyewe halijavikwa. Kwenye mikoa yetu hii hakuna sababu ya kununua cha kuvika. Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, na kwenye viwanda vya mbao vya Njombe, maranda yanarundikwa na kuchomwa moto. Mbarali kuna pumba za mpunga. Tengeneza sanduku la mbao au tofali kuzunguka pipa, jaza maranda makavu sentimita 10 pande zote, chini, na juu ya mfuniko pia. Juu ndiko joto linakokimbilia, na juu ndiko wengi wanakoacha wazi. Kisha funga nailoni isipenye mvua. Maranda yakiloa hayafanyi kazi tena: chomeka mkono ndani, ukikuta unyevu yatoe yote, usianike ya juu tu.

Kichanja nacho kiangalie kabla hujaongeza chochote. Lita 100 ni kilo 100. Usiziweke juu ya kenchi za mirunda myembamba wala kwenye ukuta wa tofali mbichi.

Ndoo ya kwanza ya moto, ya pili baridi

Maji mapya yanaingia juu na kuvuruga. Bomba la kujazia lishuke ndani hadi karibu na kitako cha pipa, na la kuchotea litoke juu. Kwa asiye na maji ya bomba kuna njia rahisi ambayo ningependa ienee zaidi: toboa tundu la kuchotea juu kidogo ya tundu la kurudishia, kisha weka bomba lenye faneli linaloshuka hadi kitakoni. Ukimimina ndoo ya maji baridi kwenye faneli, ndoo ya maji ya moto inatoka kwenye tundu la kuchotea. Pipa halipungui kamwe, tundu la kurudishia halikauki, na ule ugonjwa wa kwanza wa maji kupungua unakwisha pamoja na huu.

Pipa ni la moto lakini bafuni ni baridi

Urefu wa bomba. Mita 20 za nusu inchi zinabeba lita mbili na nusu, na za robo tatu zaidi ya lita 5, na maji hayo yote yamepoa njiani. Chotea kwenye pipa.

Kioo kina ukungu au kimepasuka

Ukungu wa asubuhi unaokauka kufikia saa tatu au saa nne si kitu. Unaokaa kutwa maana yake ndani kuna maji: bomba linavuja au mvua imepenya pembeni. Toboa vitundu viwili vidogo kwenye ukingo wa chini wa sanduku, kisha tafuta chanzo.

Ukungu wenye mafuta na harufu ya plastiki ni jambo jingine. Mtu ameweka nyuma ya bati lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, nalo linalegea kwenye joto la nyuzi 80 hadi 100, ambalo sanduku lenye kioo hulifikia maji yakisimama. Povu hilo linafaa kwa pipa, lisikaribie bati.

Kioo kilichopasuka kuanzia pembeni bila kupigwa na kitu kilibanwa. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kila upande na ukilaze juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli. Kwa mvua ya mawe sina dawa zaidi ya kioo cha milimita 4 au 5.

Viungio vinavuja kila baada ya siku chache

Bomba la poli la mita 10 likipanda nyuzi joto 40 linarefuka sentimita 8. Ukilipigilia misumari pande zote, litajing'oa kwenye kiungio. Lishikilie kwa vishikizo vilivyolegea na uache mkunjo mpana mwishoni. Usitumie kabisa mabomba ya PVC ya maji baridi ndani ya sanduku, yatapinda. Poli nayo isiachwe tupu juani chini ya kioo. Ukisafiri, funika kioo kwa turubai.

Sakitu

Makete, Kitulo na baadhi ya maeneo ya Njombe na Mufindi, usiku wa anga safi kioo kinapoteza joto kwenda angani hadi maji ya ndani ya bomba yanaweza kuganda hata kama hewa haijafika sifuri. Bomba la shaba au la chuma linapasuka, na unagundua mchana barafu ikiyeyuka. Poli huvumilia zaidi. Penye sakitu kila mwaka, weka koki kwenye bomba zote mbili, zifunge jioni na umwage maji ya sanduku peke yake kwa koki ya chini. Ni lita chache. Kufunika sanduku kwa magunia usiku kunasaidia pia, ila magunia yatolewe asubuhi.

Maji yana rangi

Matope ya masika kwenye maji ya mserereko: fungua koki ya chini mara moja kwa mwezi hadi yatoke safi. Kutu: mara nyingi ni bomba la shaba lililounganishwa moja kwa moja na la chuma. Na maji haya, hata yakiwa masafi, hayajachemka. Ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa yapikwe.

Chumba hakipati joto

Baadhi wameanza kuweka sanduku la hewa kwenye ukuta wa kaskazini: bati jeusi, kioo mbele, tundu chini na tundu juu yanayoingia chumbani. Mchana hewa ya baridi inaingia chini na kutoka juu ikiwa ya moto. Malalamiko makubwa ni kwamba usiku chumba kimekuwa cha baridi kuliko awali, na sababu ni ile ile ya maji kuzunguka kinyume. Bandika wavu wa mbu kwenye tundu la juu, kisha ning'iniza kipande cha nailoni nyepesi upande wa chumbani, kikishikwa kwenye ukingo wa juu tu. Mchana hewa inakisukuma wazi, usiku inakivuta na kuziba.

Lakini kama nyumba haina dari na kuna uwazi kati ya ukuta na bati, usijenge sanduku hilo kwanza. Joto lote litapitia juu. Ziba uwazi, weka dari hata ya mabua au magunia yaliyoshonwa, ndipo uone kama bado unalihitaji. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kufidia. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya mkaa unaowaka, haina harufu, na inaua watu waliolala.

Haipashi wakati wa mvua, Tukuyu

Haitapasha. Sehemu inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, yenye ukungu wa Rungwe asubuhi, haina jua la kufikisha nyuzi 45 kila siku, na fundi anayekuahidi hivyo anataka hela yako. Ila usiling'oe sanduku. Mawingu membamba bado yanapitisha mwanga, na maji yakitoka nyuzi 15 yakafika 28 kabla ya kuwekwa jikoni, umekwisha kukata nusu ya kuni za kuyafikisha 40. Chukua maji ya pipa uyapeleke kwenye sufuria, usichote ya baridi kwa mazoea.